Watoto wa Saa Nne

Mimi kazi yangu ni kuandika vyeti vya kuzaliwa. Nakaa dirisha la pili, nyuma ya kioo chenye kitundu ambacho watu hukiinamia kana kwamba wanakuja kuungama. Wananipa fomu ya hospitali, nami naihamishia kwenye kompyuta: jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe, saa, mahali. Huu mwaka wa tisa. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari za kuzaliwa kwa watoto, maana mimi nazishika kwa mafungu.

Na katika miaka tisa hiyo nimegundua muujiza ambao sijui kwa nini haujatangazwa kwenye nyumba za ibada. Kuna hospitali moja hapa mjini, ile nyeupe yenye samaki wa mapambo pale mapokezi, ambayo watoto wake huzaliwa Jumanne au Alhamisi. Karibu wote. Wa Jumapili hakuna. Wa usiku wa manane hakuna. Ni saa nne asubuhi, saa nne na nusu, saa tano kasorobo, wanafuatana kama abiria wenye tiketi mkononi. Watoto wenye adabu kiasi hicho hujapata kuwaona: hawamwamshi daktari, hawamharibii mtu sikukuu, hawakatizi chakula cha mchana. Daktari wao mkuu, pale ofisini kwetu tunamwita Saa Nne. Jina lake halisi liko kwenye mhuri, lakini nani ana haja nalo.

Sasa nicheke kwa kiasi, kwa sababu mwanangu wa kwanza ni mtoto wa saa nne. Alhamisi. Nilifika pale Jumatano jioni na uchungu wangu, asubuhi yake nikasikia mtu anasema njia nyembamba, mara wakanipiga nusu kaputi, mara nikazinduka saa nane mchana, koo limekauka, tumbo linawaka moto. Nikauliza, "Nimezaa?"

Nesi akacheka. "Umezaa zamani, mama! Mtoto ameshaonwa na ukoo mzima."

Na kweli. Mama mkwe alishamwona, mashangazi wawili walishamwona, mlinzi wa getini alishampa mume wangu mkono wa pongezi. Mtoto kaingia duniani, na mtu wa mwisho kupata habari nikawa mimi niliyembeba miezi tisa. Haki ya Mungu, hata mwizi wa nguo kwenye kamba hukuachia vibanio.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia nilikuwa na jambo moja tu moyoni, na nililisema wazi kwa kila mwenye masikio. Safari hii nataka kuwa macho. Nataka nisukume mwenyewe, nimwone mwanangu anavyotoka. Ikishindikana, wanipasue, sina ugomvi na kisu. Wapo wanawake wengi ambao kisu kimewaokoa, wao na watoto wao. Lakini waniulize kwanza, mimi mwenyewe, macho yakiwa wazi.

Nikaenda kwa Saa Nne na mume wangu, mimba ya miezi saba. Hakuinua hata uso. Alikuwa anafunua shajara yake.

"Alhamisi, tarehe kumi na tisa," akasema. "Asubuhi. Nafasi mbili zimebaki."

"Daktari, mimi nataka kujaribu kuzaa kawaida."

Hapo akavua miwani. "Mama, ukishapasuliwa, umepasuliwa. Mshono wa kizazi utaachia."

"Huachia kwa wangapi?"

"Wengi."

"Wangapi katika mia?"

"Mama, hapa si sokoni." Akaifunga shajara. "Unataka kufa?"

Swali gani hilo la kumuuliza mja mzito? Nikamwambia sitaki kufa, nataka kuzaa, na nilidhani hospitali ndiyo mahali pa kusemea maneno hayo. Akaniacha, akamgeukia mume wangu. "Baba, zungumza na mwenzako."

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Mtoto wa watu akileta jibu bila kuonyesha njia, humkata alama mpaka akalia. Lakini pale ofisini kichwa kilikuwa kinaitikia chenyewe. "Daktari amesema," akaniambia tulipotoka.

"Amesema nini? Amesema wengi. Wewe mwanafunzi wako akikujibu wengi, unampa alama ngapi?"

Akanyamaza. Mume wangu ana vipaji vingi, na kunyamaza ndicho anachokitumia zaidi.

Nyumbani nako nilikuwa na daktari wa pili, mama mkwe. Yeye, mtoto wa kwanza alipozaliwa, alizunguka kwa majirani akisema mkwewe hakuzaa, ila alitolewa mtoto. Neno hilo lilinichoma, nikalimeza. Sasa aliposikia nataka kusukuma, akashika kichwa. "Unataka kumuua mjukuu wangu kwa ukaidi!"

"Mama, chagua moja," nikamwambia. "Nikipasuliwa sikuzaa, nikizaa nimeua. Nifanye lipi, nimtapike?"

Akasema wanawake wa siku hizi wana midomo. Hilo sikulikana.

Shoga yangu wa dirisha la tatu ndiye aliyenipeleka kwa mkunga mmoja wa hospitali kubwa, ile ya foleni ndefu. Mama wa miaka hamsini na kitu, viatu vya mpira mguuni, sauti ya kuamrisha gwaride. Wauguzi wenzake wanamwita Kamanda, naye anaitika. Alinipima tumbo, akanipima pumzi, halafu akaniuliza mambo ambayo Saa Nne hakuwahi kuyauliza.

"Mtoto wa kwanza ana miaka mingapi?"

"Minne na nusu."

"Vizuri. Kata ilikuwa mlalo au wima?"

"Kovu ni mlalo."

"Kovu la nje halinihusu. Nakuuliza ya kizazi. Ngozi inaweza kukatwa hivi, ndani wakakata vile." Akanichorea mistari miwili nyuma ya kadi. "Ikiwa ni mlalo, chini, mshono kuachia ni nadra, hata mmoja katika mia hafiki. Lakini huyo mmoja akitokea si mchezo, ndiyo maana hapa utazaa jirani na chumba cha upasuaji, na mimi nitakuwa nakutazama kama deni. Ikiwa ni wima, usinisumbue, nakupeleka kisuni mwenyewe. Niletee karatasi ya upasuaji."

Basi nikaona mambo mepesi. Karatasi! Mimi ni mtu wa karatasi. Nikarudi kwenye samaki wa mapambo, nikapanda ghorofani masjala, nikamkuta bibie mmoja wa kucha ndefu anabonyeza kompyuta kwa ncha za kucha.

"Faili lenye jina lako halipo," akasema.

"Litafute vizuri, dada."

"Kompyuta haikujui."

Siku ya pili nikaambiwa pengine lililoa bomba lilipopasuka. Bomba gani, lini, hakuna ajuaye. Siku ya tatu bibie akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, una hakika ulijifungulia hapa?"

Lo! Mimi, niliyechapa cheti cha mwanangu kwa mikono hii kutoka kwenye fomu yao, yenye mhuri wao! Kidogo nimfunulie tumbo nimwonyeshe risiti. Lakini nikavuta pumzi, kwa sababu kuna kitu ninachokijua mimi na mtu wa kawaida hakijui. Karatasi haipotei. Karatasi hukaa pale ambapo aliyeiweka aliona panafaa. Ofisini kwetu kuna mtu tulimtafuta miaka miwili, tukamkuta kwenye kabati la marehemu, na aliyetusaidia kutafuta ni yeye mwenyewe, mzima wa afya, amekuja kulalamika. Kwa hiyo huulizi faili liko wapi. Unauliza mnapangaje.

"Mnapanga mafaili kwa jina la nani?" nikamuuliza.

"La mwenye dhamana."

"Mwenye dhamana ndiye nani?"

"Aliyesaini."

Nikampa jina la mume wangu. Haikuchukua hata nukta tano.

"Huyu hapa," bibie akasema, na akanisomea bila kutabasamu. "Mwanamume, miaka thelathini na nne. Amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mama na mtoto wazima."

Nilicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakasimama. Nilishika kaunta, nilishika tumbo, machozi yananitoka. Miaka minne na nusu nimelala kitanda kimoja na mzazi mwenzangu na hajanidokeza! Bibie naye akasoma tena kimoyomoyo, nikaona midomo inaanza kumcheza.

Akanitolea nakala. Lakini kwanza akanipa fomu nisaini kwamba mgonjwa anaondoka kinyume na ushauri wa daktari. Nikaisaini. Ndiyo karatasi ya kwanza katika hospitali ile yenye sahihi yangu.

Nikaisoma nakala nikiwa ngazini. Kata ya kizazi: mlalo, chini. Nikambusu yule aliyeandika, hewani. Nikashuka ngazi mbili, nikaendelea kusoma. Sababu ya upasuaji. Nilitegemea njia nyembamba. Nilitegemea mtoto amechoka, mapigo ya moyo, chochote. Kulikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wa Saa Nne: ombi la mgonjwa. Na chini yake sahihi ya mume wangu, imenyooka, nadhifu, ile ile anayoiweka kwenye ripoti za wanafunzi.

Kicheko kikakatika. Nilikaa pale pale ngazini, watu wananipita, mmoja akaniuliza kama nimeshikwa na uchungu. Nikamwambia ndiyo, ila si ule.

Jioni nilimkuta mezani anasahihisha madaftari. Nikaiweka karatasi juu ya daftari lililokuwa wazi. Akaisoma, kalamu nyekundu bado mkononi. Akaisoma tena.

"Daktari alisema njia ni nyembamba," akaanza. "Akasema tukingoja, kesho hayupo, ana safari. Akanipa fomu nisaini."

"Uliisoma?"

"Maandishi yalikuwa madogo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa chumba cha pili."

"Hatua ngapi?"

Na yeye, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, hakuweza kujizuia. Aliinua macho darini akapiga hesabu. "Kumi na mbili," akasema. "Labda kumi na tatu."

"Hatua kumi na mbili, ukashindwa kuja kuniuliza?"

"Nilidhani nakusaidia."

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Niliumia. Saa Nne ni mtu baki, kazi yake naijua, namtukana na maisha yanaendelea. Huyu nampikia, namfulia, namkuna mgongo. Sikusema naye siku nne, na mimi kunyamaza siku nne ni jambo la kuitia mashahidi. Siku ya tano akaniambia, "Nimekosa, mama watoto." Nikamjibu kwamba kukosa anajua, sasa asahihishe.

Kamanda aliisoma karatasi, akapachika miwani, akaivua. Alipofika kwenye ombi la mgonjwa akatoa mguno mmoja tu. "Mlalo, chini," akasema. "Tutajaribu. Kujaribu, umenisikia? Sikukuahidi." Nikamwambia kujaribu ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Juma moja kabla ya tarehe kumi na tisa, hospitali ya samaki ikanipigia simu. Sauti tamu kabisa: tunamkumbusha mgonjwa kuhusu nafasi yake ya Alhamisi, asile kitu tangu usiku. "Ngoja nikupe mgonjwa mwenyewe," nikasema, nikampelekea simu mume wangu bafuni. Nilimsikia anahangaika kueleza, povu masikioni, kwamba yeye hana mimba.

Uchungu ulinishika Jumatatu asubuhi nikiwa dirishani. Kulikuwa na baba mmoja anayetaka mwanawe awe na majina sita na mashine inakubali manne. Nikamwambia, "Mzee, chagua mawili ya kuyasamehe, mimi naondoka." Saa tatu na nusu nilikuwa kitandani kwa Kamanda. Mume wangu akafika na chaki mikononi.

Sitaki kudanganya: uliuma. Mtu akikuambia amesahau uchungu wa kuzaa, mkague, huenda faili lake liko kwa mumewe. Kamanda alikuwa ananitembeza, ananikalisha, anasikiliza mapigo ya mtoto kila mara, ananigombeza nikiuma shuka. Saa sita njia ilikuwa imefunguka sentimita saba. Saa saba ikawa saba. Saa nane, saba na nusu, na hiyo nusu nadhani Kamanda aliniongezea kwa huruma.

Mlango ukafunguliwa akaingia daktari wa zamu, kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, karatasi mkononi. Akanipita mimi, akapita kitanda, akaenda moja kwa moja hadi kwa mume wangu pale dirishani. "Baba, inachelewa. Saini hapa tuingie chumba cha upasuaji." Akampa na kalamu.

Nilimtazama mume wangu ameshika kalamu ile, na nilijua kwamba akiigusisha karatasini, mtoto nitamzaa kwa njia yoyote watakayotaka, ila mume sitakuwa naye tena. Jasho lilikuwa linamtiririka kuliko mimi. Akaangalia fomu. Safari hii aliisoma, hata yale maandishi madogo. Halafu akaja kitandani, akanipa kalamu na karatasi.

"Muulizeni yeye," akamwambia daktari. Sauti haikuwa nzito sana, lakini ilitoka.

"Mtoto anaendeleaje?" nikauliza.

"Mapigo mia na arobaini," akajibu Kamanda. "Hana neno. Na wewe huna neno, ila kelele."

"Tukingoja saa moja zaidi?"

Yule kijana akavuta kiti, akakaa, na hilo peke yake lilinishangaza, daktari kukaa. "Tunaendelea kukupima," akasema. "Mapigo yakishuka, au ukisikia maumivu ya namna nyingine, tunaingia papo hapo, na sitakuuliza mara ya pili."

"Mara moja inanitosha," nikasema. Nikaisaini fomu mimi mwenyewe, nikampa Kamanda. "Hiyo kaa nayo. Ikibidi itumie, ruhusa nimetoa." Akaikunja akaitia mfukoni.

Haikubidi. Dakika arobaini baadaye kitu kilisogea ndani yangu, na Kamanda akapiga ukelele wake wa gwaride, "Sasa! Sasa, mama!" Nikasukuma. Nilimtukana Saa Nne, nikamtukana mume wangu, nikamtukana bibie wa masjala aliyekuwa hajanikosea sana. Nikamwona. Kwanza nywele, nyeusi, zimelowa. Kisha sikio limekunjika. Kisha uso umevimba, umekasirika, wa mtu aliyetolewa kwenye kikao chake bila taarifa. Alilia na mimi nikalia. Nilifurahi mno, sina maneno mengine ya kulisema hilo. Kamanda akaniwekea kifuani akiwa bado na utelezi wake, na hapakuwa na mtu kati yetu.

Asubuhi yake wakaja kunitazama. Mama mkwe alitangulia, amevaa nguo ya harusini. Akambeba mjukuu, akampulizia usoni, akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona. "Haya, mkwe wangu," akasema. "Sasa umezaa."

"Na huyu mkubwa nilimwokota wapi, mama?"

Akaguna, akanirudishia mtoto. Binti yangu alikuwa amepanda kitandani, amejibanza ubavuni, anamchunguza mdogo wake kidole kwa kidole. Nikamweka mtoto ziwani. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kona na chupa ya chai, anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Alipotoka alifanyaje?" binti yangu akauliza.

"Alilia. Akakunja ngumi, hivi. Akafungua jicho moja."

Akacheka. "Na mimi nilipotoka nilifanyaje?"

Mara zote alipouliza hilo nilimwambia alilia kwa sauti nzuri. Uongo mtupu. Siku ile niliuacha.

"Sijui, mwanangu. Sikukuona ukitoka. Nilikuwa nimelazwa usingizi."

Akafikiri. "Ulikubali?"

"Sikuulizwa. Aliulizwa baba."

Akageuka kwenye kona, taratibu, na yale macho yake makubwa. "Baba, kwa nini hukwenda kumuuliza mama?"

Mama mkwe akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba, kitu kidogo sana, kilichokuwa chini kabisa. Mume wangu aliiweka chini chupa ya chai. Akanitazama mimi, kwa lile jicho lake la kuomba nimsaidie. Nikamhamishia mtoto ziwa la pili.